Salamu Zilizokatwa kwa Ajili ya Tuzo

Redio yetu ipo Gungu, Kigoma, juu ya duka la vipuri vya bodaboda, na siku tuliyotangazwa washindi wa tuzo ya kimataifa bosi wetu alizunguka mtaa mzima kama baba wa bwana harusi. Simlaumu. Tulishindana na vituo vikubwa vya nchi za watu, sisi tukiwa na jenereta linalokohoa.

Kipindi chenyewe nilikirekodi mimi kule Ilagala, kuhusu wanawake wanaoanika dagaa. Sauti iliyokibeba ilikuwa ya bibi mmoja mjane, mcheshi, mwenye ulimi wa pilipili. Alikubali kuongea kwa sharti moja: salamu zake zirushwe zote. Mwanawe wa mwisho aliuza nyavu za baba yake, akavuka ziwa kwenda Kongo, na hakuna aliyejua namba yake ya simu. Alichojua mama ni kwamba redio yetu inasikika hadi ng'ambo.

Sasa salamu za Waha hazina haraka. Alimsalimia shemeji, akamsalimia mkwe, akahamia kwa ndugu wa Kagunga, mpaka mkono ulioshika kinasa sauti ukaniuma. Ujumbe wenyewe aliuweka mwisho kabisa, kama ilivyo adabu. Mtu humvamii na neno zito kabla hujamjulia hali yeye na watu wake.

Bosi alipokaa kuhariri, alisikiliza mashemeji wawili tu, akakata zote.

"Dada, masharti ya tuzo ni dakika chache," aliniambia. "Majaji wa Ulaya watafanya nini na salamu?"

Nilimwambia mwishoni kuna neno. Tuligombana mpaka fundi mitambo akatoka nje. Lakini bosi ni bosi. Kipindi kikatumwa hivyo hivyo, tukangoja matokeo kabla ya kukirusha hewani. Majaji wakakisifu kwamba hakina neno la ziada! Niliposoma sifa hizo nilitamani kuitafuna ile tuzo, na ilikuwa ya kioo.

Siku ya kusherehekea, bibi aliletwa studio akiwa mgeni wa heshima, kajifunga kanga mpya. Tukakirusha kipindi. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akicheka pale alipojisikia akiwatukana kunguru wanaomwibia dagaa. Kilipoisha tulipiga makofi. Yeye hakupiga.

"Na salamu zangu?"

Bosi alianza kueleza habari za dakika na masharti. Jasho lilimtoka maskini, maana alimpenda yule bibi kwa dhati, na ndiyo kwanza alikuwa anaelewa. Bibi alimwacha amalize.

"Mwanangu, wewe si mtu mbaya," alimwambia. "Una haraka tu."

Wimbo tuliouweka baada ya kipindi ulikuwa unakaribia kuisha. Sikumuuliza bosi. Nilimsogezea bibi kipaza sauti na kukifungua. "Bibi, upo hewani. Salimia."

Nilidhani ataanza na mwanawe. Wapi! Alianza na shemeji, akaja kwa mkwe, akawapitia ndugu wa Kagunga mmoja mmoja, na wengine walikuwa wameongezeka tangu nilipomrekodi. Bosi aliitazama saa ya ukutani mara moja, kisha akaigeuzia kisogo. Bibi akavuta pumzi.

"Na wewe, mwana wanje, mwanangu, uliye ng'ambo. Baba yako tumemzika. Alikutaja kabla hajakata roho. Alisema nyavu ni nyuzi tu, zinashonwa nyingine. Radhi amekupa, na mimi nimekupa. Kilichokuzuia kurudi nyumbani hakipo tena."

Akajiweka sawa kwenye kiti, kamaliza. Ilikuwa zamu ya bosi kuweka wimbo, hakuweka. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti kama mtoto, na vipaza vyote vilikuwa wazi. Kigoma nzima walinisikia. Ng'ambo, sijui.