Mlinzi wa Daraja la Darini

Juzi nilikuwa nakata mche wa sabuni ya mawese jikoni, ile ya kienyeji inayopikwa huku kwetu Kigoma, na harufu yake nzito, kama mafuta yaliyokaribia kuungua, ikanijaa puani. Niliweka kisu chini. Nadhani nanyi mnayo harufu yenu ya namna hiyo, inayowachukua bila kuuliza mna kazi gani. Mimi ilinirudisha Kabanga, katika wodi ya watoto ya hospitali ya misheni, nikiwa na miaka kumi, mguu wangu wa kulia umetundikwa kwa kamba na kipande cha chuma kikiuvuta mwishoni mwa kitanda.

Nilikuwa nimeanguka na baiskeli ya mjomba kwenye mteremko wa Heru Juu, nimekalishwa juu ya gunia la muhogo. Mfupa wa paja ulivunjika. Daktari alimwambia mama kwamba ningelala chali wiki sita au zaidi, na mama, aliyeacha shamba la maharage likingoja palizi, akatandika kanga yake sakafuni kando ya kitanda changu na kuhamia hapo.

Kulia kwangu alilala Ezekieli wa Kitahana, kule Kibondo, mvulana wa rika langu ambaye mfupa wa goti ulikuwa ukitoa usaha. Kushoto alilala Sifa. Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili, Mkongo kutoka kambi ya Nyarugusu, ameungua kwa uji kuanzia nyonga hadi gotini. Katika sisi watatu, yeye peke yake aliweza kuchechemea hatua mbili tatu.

Mtu anayelala chali mchana kutwa anaona dari tu. Dari letu lilikuwa la mbao nyeupe zilizovuja miaka mingi, lenye madoa ya kahawia na nyufa. Siku yangu ya nne pale, Sifa alinyoosha kidole juu akasema, "Leokadia, unaona ule muto? Ule unaanzia kwa taa?" Nikatazama ufa ule, na kweli ulikuwa mto. Doa kubwa lilikuwa msitu. Madoa madogo yalikuwa vijiji, na kila mmoja wetu, bila kuinua kichwa, aliiona ramani ileile.

Hivyo ndivyo mchezo ulivyoanza. Sifa alimwomba mama kipande cha sabuni ileile ya mawese, akakikata kikawa dadu, akatoboa vitundu kwa pini. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake katika nchi ile ya darini, na kabla mtu huyo hajaanza safari, Sifa alimuuliza mambo matatu: una nini mkononi, unaogopa nini, nani anakusubiri. Mimi nilibeba chungu cha asali ambayo aliyeionja hakuweza kusema uongo. Ezekieli alibeba jembe linaloongea. Alipoulizwa anaogopa nini alijibu haraka, "Msumeno," na hakuna aliyecheka, kwa kuwa daktari alikuwa ameshataja kuukata mguu wake mbele ya baba yake. Sifa ndiye aliyesimulia: mmefika msituni, kuna mwanamke hana kivuli, mnafanya nini? Tukishajibu, alichechemea na bakuli, tukarusha dadu humo. Sita ilikupa ulichotaka. Moja ilikuponza.

Pale ufa ulipopita juu ya doa, palikuwa na daraja, na darajani alikaa Mzee Kalume. Mzee huyu hakuwa wa mtu yeyote. Hakupigana, hakusafiri, na dadu haikumhusu. Lakini kila siku baada ya chakula cha mchana, kabla hatujaanza, Sifa alisema, "Bon, basi. Muzee Kalume amekaa. Lango liko wazi." Mimi na Ezekieli tulilichukulia kama sala ya kufungulia darasa.

Siku moja, Ezekieli akiwa amepelekwa kusafishwa kidonda, nilimuuliza yule mzee anangoja nini. Sifa alichungulia mlangoni kama Ezekieli anarudi. Kisha akanieleza kwa sauti ndogo kwamba walipokuwa wanakimbia kwao, watu walisongamana kwenye daraja, na yeye alikuwa amemshika mdogo wake Ombeni, wa miaka sita. "Nilikuwa nimebeba sufuria. Ikanilemea. Nikabadilisha mukono. Nilipotafuta ule wake, haukuwepo." Baba yao alirudi kumtafuta mtoto. Naye hakuonekana tena. "Usimwambie mutu," akasema. Nikaapa.

Wiki iliyofuata nilirusha moja. Sifa akaamua kwamba chungu changu kimeanguka na kupasuka. Ninyi mtaona ni jambo dogo, lakini jueni kwamba mimi sikuwa na kitu kingine. Mguu wangu haukuwa wangu, muda haukuwa wangu; nilikuwa na chungu kile. Tena siku hiyohiyo mama alikuwa amemsifu Sifa kwa uvumilivu wakati wa kusafishwa kidonda, ilhali mimi nililia hata kwa sindano. Nikadai zamu ya kusimulia. Sifa akakubali.

Nikawaleta majambazi darajani.

"Kule hapana," Sifa akasema. "Muzee yule hachezewi dadu."

"Msimulizi ni nani?" nikauliza. Nikatupa sabuni kwenye bakuli lililokuwa juu ya tumbo langu. Ikatoka moja. "Amekufa. Lango limefungwa."

"Leokadia, mufungulie. Kuna mutu atakuja."

Nikasema, na nakumbuka nilipaza sauti ili Ezekieli asikie, "Hakuna atakayekuja. Mdogo wako ulimwachia mwenyewe."

Sifa hakulia. Aligeukia ukuta, kwa ule upande ulioungua, upande ambao hakuwa akiweza kuulalia, akabaki hivyo hadi muuguzi alipokuja kumgeuza.

Siku tatu dari lilikuwa dari tu. Mama aliona bakuli halitembei. "Mwana wanje, mwanangu, umemfanya nini mwenzako?" Nikamwambia. Mama hakunigombeza; aliacha kuchambua maharage, akaangalia mikono yake. Hilo lilikuwa baya kuliko kofi. Siku ya nne nikajikaza, nikasema kuelekea kitanda cha kushoto, "Mzee Kalume amekaa. Lango liko wazi."

"Amekufa," Sifa akajibu akitazama ukuta. "Wewe ulirusha."

Ezekieli ndiye aliyenong'ona, "Si awekwe mwingine?"

Kisha nikasikia kitanda kikilia, na Sifa akaja, hatua moja moja, akasimama kando yangu akinitazama kwa macho ya mtu mzima. "Una nini mukononi?" Nikasema sina kitu. "Unaogopa nini?" Nikasema namwogopa yeye. Hakutabasamu. La tatu hakuliuliza. "Basi utakaa wewe," akasema.

Nikakaa. Siku zote zilizobaki, wao wawili walivuka msitu, wakampatia yule mwanamke kivuli chake, wakaingia kwenye mji wa chini ya maji. Mimi kila mchana niliulizwa mara moja, "Uko?" nikajibu, "Nipo." Kwa mtoto wa miaka kumi ilikuwa adhabu ndefu, na niliamini ni adhabu. Ezekieli alipelekwa kwenye upasuaji, akarudi na miguu yote miwili, akashangilia hadi wodi nzima ikacheka. Mimi nilikuwa darajani.

Asubuhi gari lilipokuja kuwachukua wagonjwa wa kambini, Sifa alivaa gauni lake, akaniegemea, akaniambia, "Usitoke." Halafu akaenda. Nilipokua niliulizia habari zake sokoni, kwa wauzaji waliotoka kambini. Mmoja alidhani familia ile ilihamishiwa nchi za mbali. Mwingine hakuwa na hakika.

Sasa nafundisha Kasulu, na Jumamosi nacheza na wanafunzi michezo ya namna ile, wenyewe wakibuni nchi, wanyama na miungu yake. Huniuliza mawazo yanatoka wapi. Zamani niliwajibu kwamba yanatoka popote, hata darini.

Mwaka jana mwanangu alinipotea katika soko la Kasulu. Nilikuwa nachagua nyanya, nikageuka, hayupo. Mama wa nyanya aliniambia, "Dada, zunguka upande wa nguo, mie nitaangalia huku." Nilijua anasema kweli. Lakini niliganda palepale nilipokuwa naye mara ya mwisho, watu wakinisukuma huku na huku, kwa sababu wazo moja tu lilikuwa limejaa kichwani: je, akirudi asimkute mtu? Alirudi baada ya dakika chache, anatafuna muwa aliopewa na mtu.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne nilipofahamu kwamba sikuwa nimeadhibiwa. Sifa alikuwa amenikabidhi kazi iliyo kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, ya kungoja darajani, akanikabidhi mimi niliyeiharibu, kwa kuwa nilikuwa wa pekee aliyeambiwa anangojwa nani.