Nilimwachia Shemeji Lawama ya Ukuta Uliovuja

Mimi ndiye mkosaji. Wacha nianze hapo, kwa sababu kwa miaka miwili nilimwacha mtu mwingine abebe hilo jina, na mtu mwenyewe ni damu ya mume wangu.

Naishi Kitale. Tulipojenga nyumba yetu, mume wangu, Baba Sharon, alisema kazi ya bafu haendi kumpa mtu wa nje na mdogo wake Wafula yuko. Wafula ni fundi wa vigae, anaishi Sirisia, mtu wa maneno machache. Na kazi yake jameni! Ukipitisha kiganja ukutani, husikii mahali kigae kimoja kimeishia na kingine kimeanzia. Majirani walikuwa wanakuja kuona bafu yetu kama watu wamekuja kuona mtoto mchanga.

Shida ilianza na rafu ndogo ya sabuni. Niliiona sokoni nikaipenda. Baba Sharon ni dereva wa lori na alikuwa safarini, basi nikaazima mashine ya kutoboa ukuta kwa jirani, nikajifanya fundi. Shimo la kwanza, sawa. La pili, maji yakaniruka usoni!

Woi! Nikachukua skrubu nikaikaza pale pale mpaka mwisho. Maji yakanyamaza. Nikapanguza sakafu, nikapanga sabuni zangu, nikajiambia imeisha. Sikumwambia mtu.

Haikuisha. Baada ya miezi michache, rangi ya ukuta wa chumba cha Sharon, kile kinachopakana na bafu, ikaanza kufura. Kisha ukungu mweusi. Godoro la mtoto likawa linanuka unyevu, naye akaanza kukohoa. Huko bafuni vigae viwili vikaachia. Baba Sharon alipoona, akampigia ndugu yake simu.

"Ati wewe ni fundi? Uliniwekea tiles ama biskuti?"

Wafula akaja siku hiyo hiyo. Akaziba shimo la kutolea maji kwa kitambaa, akajaza maji sakafuni, akaweka alama kwa penseli pale maji yalipofika. Akangoja asubuhi nzima. Hayakupungua hata kidogo.

"Shemeji," akaniambia, "hapa chini iko sawa. Hii maji inatoka kwa ukuta. Wacha nitoe hii kitu ya sabuni niangalie nyuma yake."

Nikasimama mbele ya rafu. "Hiyo wacha! Imeshika vizuri, utaniharibia tena. Si wewe ndio fundi? Tafuta shida pahali pengine."

Wafula alichukua nyundo. Kisha akainama, akaanza kuvunja sakafu yake mwenyewe, ile aliyokuwa ametoka kuthibitisha ni nzima. Siku tatu! Akabadilisha paipu ya kutoa maji mpaka kwenye shimo la nje, akarudisha vigae upya. Na mimi nampelekea chai. Nampelekea chai na ukweli uko mdomoni mwangu!

Bila shaka ukuta haukukauka. Ungekauka aje?

Ikafika mahali maneno yakapelekwa kwa mama mkwe, Kanduyi. Mjomba wao alikuwa anajenga nyumba za kupangisha huko, na alikuwa ameahidi kumpa Wafula bafu zote. Sasa akataka kujua kama anaweza kumwamini.

"Mjomba, mimi nilifanya vile najua," Wafula akasema. "Hata sielewi."

Baba Sharon akanigeukia. "Wewe ndio ulikuwa nyumbani. Alikuwa anafanya kazi aje?"

Mungu alinifungulia mlango pale. Nikaufunga kwa mikono yangu miwili. Nikasema, "Siku zingine alikuwa anakuja akinuka pombe."

Uongo! Wafula haonji hata pombe ya busaa matangani. Mama mkwe akashika shavu.  Wafula alisimama, akarudisha kiti chake ukutani, akatoka nje. Kazi ikapewa mtu mwingine. Hakukanyaga kwetu tena, na ndugu wawili walionyonya titi moja wakawa wanapishana kama watu wasiojuana.

Mwaka huu kifua cha Sharon kikazidi, daktari akatuambia mtoto asilale tena kile chumba. Baba Sharon akaenda Kipsongo, akaleta mama mmoja fundi wa paipu. Huyo mama hata hakuangalia vigae. Alisema, "Fungeni mifereji yote," akatupeleka nje kwa mita ya maji.

"Si mnaona bado inazunguka na hakuna mtu anatumia maji? Shida si tiles. Ni paipu imetoboka."

Aliingia bafuni, akaifungua rafu yangu. Skrubu ilipotoka, imeliwa na kutu, maji yakaruka mpaka ukuta wa pili.

"Nani alipiga hii?" Baba Sharon akauliza.

"Ni mimi."

Akaichukua ile skrubu. "Na ile pombe?"

"Nilidanganya."

Mwanaume mzima alikaa chini pale pale kwenye maji, akalia. "Nimemtukana mtoto wa mama yangu," alikuwa anasema. "Nimemtukana mbele ya watu." Afadhali angenifokea!

Wiki hiyo tukaenda Sirisia. Tulimkuta Wafula shambani anapalilia maharagwe. Nikapiga magoti kwenye udongo, nikasema yote, sikuacha hata moja.

"Inuka shemeji," akasema. "Nimekusamehe. Lakini hiyo kazi mimi sirudi. Miaka mbili nimekuwa nikijiuliza nilikosea wapi. Nikiwa shambani, nikiwa kanisani, navunja hiyo bafu kichwani naijenga tena, na bado inavuja. Siku hizi nikishika tiles naziweka tena chini."

Nilikiri hivyo hivyo Kanduyi, mbele ya mama mkwe na mjomba. Mjomba akampigia Wafula kumpa kazi nyingine. Akakataa. Baba Sharon na yeye wanaongea sasa kwa simu, habari za mvua na mahindi. Sharon amepona, kukohoa kumeisha. Mama mkwe hunisalimia, lakini nikifika kwake hanitumi kitu jikoni; nakaa kama mgeni.

Wewe unayesoma, kama umeharibu kitu na kuna mtu analaumiwa kwa ajili yako, mpigie leo. Usiseme ni jambo dogo, ati litakauka lenyewe. Yule mama wa Kipsongo alitengeneza paipu yangu kabla chai haijapoa. Wafula sijui nani atamtengeneza. Fundi hodari kama yule, bana, anapalilia maharagwe, na ni mimi nilimpeleka huko.