Bisibisi Katikati ya Meno

Pikipiki kuukuu ikipita hapa Chanika huku injini inagonga, mimi hupata ladha ya chuma mdomoni. Wenzangu wanalalamikia makelele, mimi nameza mate. Msinicheke. Ladha hiyo niliipata kwa baba yangu, kule Mashewa, nikiwa darasa la pili.

Baba alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye korona, ile mitambo ya kusindika mkonge, na masikio yake yaliishia huko huko. Kumwita ilibidi umguse bega. Kwa hiyo pikipiki yake ilipoanza kugonga, yeye hakujua. Aliyejua ni mama, ambaye alikuwa mjamzito wa kujifungua siku yoyote, na pikipiki hiyo ndiyo ingempeleka hospitali Korogwe. Alisimama mbele ya baba ili aione midomo yake vizuri.

"Baba Zaina, inagonga. Mimi hiyo siipandi."

Jirani yetu Mzee Kupaza, mtu asiyekosa jibu la jambo lolote, alisikiliza kidogo akatoa hukumu: pistoni imekwisha, injini ishushwe yote, na hiyo ni kazi ya wiki nzima. Uso wa mama ulisawijika. Wiki nzima hakuwa nayo.

Baba aliwasha pikipiki, akachukua bisibisi ndefu, akaung'ata mpini wake wa chuma na kuigusisha ncha kwenye injini. Akafumba macho. Alianzia chini, akapanda taratibu, mate yakimchuruzika kidevuni, nasi watoto tukidhani anainyonya. Karibu na juu kabisa, kichwa chake kilishtuka. Akaniita, akaufuta mpini kwa shati, akaniambia ning'ate.

Jamani! Injini yote iliingia kichwani mwangu. Chini ilinguruma kwa upole, kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Juu, kitu kidogo kilinigonga kwenye meno, tik, tik, tik, wazi kuliko nilivyokisikia kwa masikio. Vinyweleo vilinisimama. Niliogopa na kufurahi kwa pamoja, nikamtazama baba kana kwamba ndiyo kwanza namwona.

"Pistoni ni nzima," alisema kwa ile sauti yake ya juu. "Ni tapeti tu, zimelegea."

Akaiacha injini ipoe kabisa. Kisha akafungua vifuniko viwili vidogo vya juu, zilipo hizo tapeti zinazosukuma valvu, akapenyeza wembe kupima nafasi, akakaza skrubu mpaka wembe ukawa unapita kwa kubanwa kidogo. Alipowasha tena, mama alisikiliza kwa muda mrefu akiwa mlangoni. Halafu akaingia ndani kufunga khanga zake za safari.

Uchungu ulimshika keshokutwa yake asubuhi, na pikipiki ikawafikisha Korogwe bila kugonga. Mdogo wetu alipoletwa nyumbani alikuwa analia kwa nguvu zake zote. Baba alimpokea, akaegemeza taya lake taratibu kwenye kichwa cha mtoto, akafumba macho. Mama alinyoosha mikono amchukue amnyonyeshe.

"Mwache alie kidogo," baba alisema.

Tulicheka sana siku hiyo, tukasema baba kachanganyikiwa kwa furaha, haishi kumbusu mtoto. Nimekuja kuelewa ukubwani, baba ameshatangulia mbele ya haki, kwamba hakuwa akimbusu. Alikuwa akimsikia.