Milka Akataa Kubebwa

Babu yake Milka alikuwa malafyale, chifu aliyesalimiwa kwa kupigiwa magoti, na ingawa uchifu ulifutwa zamani, kwao Ipyana ukoo ule bado huachiwa viti vya mbele. Milka alipata polio kabla hajajua kutembea. Ikamwachia mikono yenye nguvu na miguu isiyomtii. Alisoma, akafundisha shule ya msingi, na sasa, mvi zikianza kumtoka, ni diwani wa viti maalumu.

Ukumbi wa kata umeinuliwa juu ya msingi mrefu kwa kuogopa mafuriko, na kuupanda ni ngazi tupu. Kila siku ya kikao vijana humwinua yeye na kiti chake cha magurudumu, wanawake wakipiga vigelegele: "Mjukuu wa malafyale hakanyagi tope!" Milka hutabasamu kwa meno tu. Kule juu hujiona kama mkungu wa ndizi unaopelekwa sokoni.

Ameomba mara ngapi wajenge njia ya mteremko, pale ukumbini na kwenye zahanati yenye ngazi kama zile! Lazaro, mwenyekiti wa kikao, humjibu kwa upole unaokera.

"Mheshimiwa, sisi tupo. Tutakubeba mpaka tuzeeke."

Wajumbe hucheka, ajenda inasonga.

Masika yaliyopita alimkuta Bi Fatu, mjane mwenye duka la vitenge, ameketi juu ya ndoo chini ya ngazi za zahanati. Kisukari kilikuwa kimesababisha akatwe mguu. Khanga yake ilikuwa imelowa chapachapa.

"Umeshahudumiwa, mama?"

"Nesi atashuka akipata nafasi. Niko hapa tangu asubuhi."

"Hakuna wa kukupandisha?"

Bi Fatu alimtazama. "Wewe wanakubeba kwa sababu ya babu yako, mwanangu. Babu yangu mimi aliuza chumvi."

Neno lile likamkaa Milka rohoni kama mwiba wa samaki.

Kikao kilichofuata, vijana walipoinama kumwinua, aliyakamata magurudumu kwa mikono yote miwili. "Leo sibebwi."

Kaka yake Nsajigwa, naye mjumbe, akashuka mbiombio. "Unatuaibisha! Watu wanakuheshimu, wewe unawatemea mate?"

"Kaka, heshima hii ndiyo iliyoniziba njia. Wakishanibeba wanaona kazi imekwisha."

Kikao kikaendelea bila yeye. Alipaza sauti kuchangia kutoka chini ya dirisha, lakini mvua ilikuwa ikipiga bati, hakuna aliyemsikia. Alifanya hivyo kikao baada ya kikao, mpaka watu wakaanza kunong'ona kwamba ana kiburi cha kichifu.

Mwishowe mteremko ukajengwa. Ukumbini. Saruji nyororo, na ukutani jina la babu yake kwa rangi nyekundu. Lazaro akamkabidhi mkasi akate utepe.

"Na zahanati?" Milka aliuliza.

"Mheshimiwa, pokea kwanza hiki. Hiki ni chako."

"Mimi siumwi, mwenyekiti. Wagonjwa wako kule."

Nsajigwa akakohoa. Mtu mmoja akaanzisha makofi, wengine wakafuata, na maneno yake yakazama humo. Akaukata utepe kana kwamba anakata shingo ya kuku, akapanda mwenyewe, mabega yakimwaka moto, akataka zahanati iwe ajenda ya kwanza. Ikawekwa kwenye mengineyo, na mengineyo yakaahirishwa kwa kuwa chakula kilikuwa kimeiva.

Alasiri alipita dukani kwa Bi Fatu, akamsimulia yote bila kuficha. Bi Fatu alisikiliza huku akikunja vitenge.

"Na chakula, ulikula?"

"Nilikula."

"Wali?"

"Wali na kuku," Milka alisema, macho chini.

Bi Fatu akaweka kitenge kwenye rafu. "Basi kikao kijacho usile."