Mtafiti Kwenye Msiba wa Babu

Mzungu aliyekuja Tabora kutafuta udaktari wa mila zetu, udaktari wa vitabu si wa sindano, alijigamba kwamba masomo ya darasani na mbinu za kuhoji watu alishafuzu, amebakiza utafiti tu. Kwenye msiba wa babu yangu, mtaa wa Ng'ambo, akatuacha wafiwa wote, akamhoji mtani wetu Mzaramo, ambaye kazi yake msibani ni kutukejeli tucheke.

"Wanyamwezi huzikwa wakitazama jikoni," mtani akamwambia, "wasipitwe na ugali."

Mzungu akaandika, akashukuru.

Baadaye, katika chuo cha ualimu, tukafundishwa kitabu chake. Mtihani ukauliza tunazikwa tukitazama wapi. Nikaandika nilichokiona makaburini, nikapata sifuri. Niliporudia niliandika jikoni, nikapewa cheti cha kufundisha.