Kiande kwa Mkono wa Kulia

Mimi ndiye niliyemharibia shemeji yangu mkono, na sitaki mtu aniambie ati ni bahati mbaya. Naitwa Phyllis. Gikonyo ni mume wa mdogo wangu Murugi, na kabla ya mambo haya alikuwa mkata nyama katika bucha moja pale Karatina. Wateja walimpita mwenye bucha wakapanga foleni kumngoja yeye, kwa sababu mguu wa ng'ombe aliufungua kwenye kiungo bila kuvunja mfupa hata mmoja. Shamba hakuwa nalo, cheti hakuwa nacho. Alikuwa na mkono wa kulia, basi.

Mwaka jana, mwezi wa Juni, kisu kiligonga mfupa kikasimama. Mkono ulikuwa na mafuta, ukateleza kutoka kwenye mpini ukashuka kwenye makali. Vidole vitatu vikalegea papo hapo. Zilizokatika ni kano, zile kamba nyeupe zinazovuta kidole kikunjike. Gikonyo alikuwa akitoa kano za ng'ombe kila siku na kuwatupia mbwa.

Zilishonwa hospitalini siku hiyo hiyo. Murugi alikuwa kazini, kwa hivyo aliyesindikiza mgonjwa ni mimi, na maneno ya daktari niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili. Alikuwa mama mpole kutoka Meru, Daktari Nkatha.

"Uzi wangu hauponyi, unashikilia tu," alisema. "Kinachoponya ni mwili. Mahali palipokatika, mwili unatoa vichocheo vya ukuaji. Vingine vinaita chembe za kujenga, vingine vinaziamrisha zitengeneze nyuzi mpya, vingine vinaleta mishipa midogo ya damu, maana kano haina damu nyingi. Ni kazi ya pole pole. Ngozi itafunga wiki mbili. Lakini ndani, hata wiki ya tano, bado ni laini. Afanye mazoezi niliyomwonyesha, asishike kitu kwa nguvu mpaka wiki kumi na mbili ziishe."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliye kanisani. Akilini nilikuwa nahesabu mambo yangu. Ngurario, ile sherehe yetu ya kukamilisha ndoa kimila, ilikuwa imepangwa, na ilikuwa inaangukia wiki ya tano kabisa. Wazazi wetu walishafariki, kwa hivyo sherehe nilikuwa naiendesha mimi. Hema lilikuwa tayari, wageni wa Kangema na Murang'a walikuwa wameshaalikwa.

"Phyllis, tusongeze mbele kidogo," Gikonyo aliniomba. "Mkono bado."

"Kwani unaoa na vidole?" nikamjibu. Nilijiona mjanja sana.

Sasa, ngurario bila kiande si ngurario. Kiande ni bega la mbuzi aliyechomwa, na bwana harusi hulikata mwenyewe mbele ya wazee, kwa mkono wa kulia, halafu anamlisha bibi harusi. Siku hiyo Gikonyo alikuja amevaa suti ya kijivu, mkono umefungwa kwenye kibao cha plastiki. Aliposimamishwa mbele ya meza aliomba kwa adabu akate kwa mkono wa kushoto. Wazee wakaguna. Kushoto ni matusi. Lakini baba mdogo, Mzee Moffat, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu pale, alimwonea huruma.

"Kijana ameumia," alisema. "Rafiki yake Kingori amshikie kisu, yeye aweke mkono juu tu. Mungu ataelewa."

Ingeisha hapo. Wazee walikuwa wamekubali, Kingori alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati. Nani alisimama? Mimi.

"Woi! Mkata nyama ameshindwa na mbuzi!" nilipaza sauti. "Jamani, tunampa nani binti yetu? Toa hiyo plastiki, shemeji. Kidonda kimefunga, sisi wote tunaona. Ama unataka Kingori akuolee pia?"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nikanogewa, nikarudia. Gikonyo alimwangalia Murugi. Murugi alitikisa kichwa: usifanye. Gikonyo akafungua kile kibao, akakiweka kando, akashika kisu.

Kisu kilipofika kwenye kiungo, alikaza. Sikusikia kitu kwa sababu tulikuwa tunapiga vigelegele. Niliona uso wake ukiwa na rangi ya majivu, na vidole vitatu vikaachia mpini vyenyewe. Alimalizia kwa kidole gumba na cha shahada, akamlisha Murugi, akatabasamu. Watu wakapiga makofi. Mkono akauficha ndani ya koti, na kwa siku tisa hakumwambia mtu, asimtie mke wake aibu.

Siku ya kumi tulimrudisha hospitalini. Daktari Nkatha hakutugombeza. Afadhali angenitukana. Alimfungua tena, akashona alichoweza, akasema ncha za kano zilikuwa zimejivuta mbali. "Vichocheo vimerudi kazini, lakini safari hii vimejenga kovu kila mahali. Kano imegandana na ala yake, ule mfuko inamoteleza."

"Na ile sindano ya damu yangu mwenyewe, wanazungusha kwa mashine?" Gikonyo aliuliza. "Niliona kwa simu."

"Hiyo inaongeza vichocheo. Shida yako si kwamba ni vichache. Sitakudanganya."

Wiki kumi na mbili nyingine zilipoisha, tuliketi wanne katika chumba cha daktari. Kule bucha mtu mwingine alishachukua kisu. Daktari akamwambia akunje ngumi. Kidole gumba kikaja, cha shahada kikaja. Vile vitatu vilibaki vimenyooka. Gikonyo alijitahidi mpaka jasho likamtoka puani. Akavikunja kwa mkono wa kushoto, akavishikilia kidogo. Alipoachia, vikainuka.

"Hivi ndivyo vitakaa?" akauliza.

"Ndiyo," daktari akasema.

Murugi hakulia. Alinigeukia.

"Phyllis, sema kitu. Siku ile maneno yalikuwa mengi."