Jina la Binti wa Mezani

Mchezo huo niliuandika kwa hasira. Shule yetu hapa karibu na Nkubu ilikuwa imeangushwa tena kwenye mashindano ya drama, nikaapa kwamba safari hii nitawaletea mwanasayansi anayeumba mtu maabarani. Waone!

Mazoezi tuliyafanyia kwenye ukumbi wa kulia, harufu ya githeri ikitujaa puani. Msichana mmoja alilala juu ya meza, amefunikwa leso mwili mzima. Mvulana aliyeigiza mwanasayansi alisimama kando yake, koti jeupe likimfika magotini.

"Mwalimu," akauliza, "kwani huyu jamaa anatafuta nini? Si angeoa tu?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nikamjibu kwa ukali kwamba anatafuta sifa, anataka kushindana na Mungu. Nilijisikia nikidanganya.

"Sawa. Na huyu akiamka, nimwite nani?"

Jina sikuwa nimeliandika. Nikataja jina la mama yangu.

Kwetu Embu, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Nyanya akishaitwa hivyo, yaani jina lake likipewa mjukuu, watu humwambia amezaliwa tena. Mama yangu bado. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee, nimepita hamsini, sina mke wala mtoto, na nyumbani kwangu kiti kinachokaliwa ni kimoja. Wenzake wote wameshaitwa. Kanisani anawasikia wakiwaita wajukuu kwa majina yao wenyewe. Hanilaumu. Heri angenilaumu, jameni, angalau tungegombana.

Mvulana akainama, akaita lile jina polepole. Msichana akafumbua macho. Haki ya Mungu nililia mbele ya wanafunzi, nikasingizia moshi wa jikoni.

Jioni nikampigia mama simu. Nikamwambia huku kuna msichana ameitwa jina lake.

"Wa nani?" Sauti ilimpanda kwa furaha, nikajuta.

"Wa mchezo, Mama. Wa shule. Nimemtunga tu."

Nikamweleza haraka jinsi tunavyomlaza mezani, anaitwa, anaamka.

"Na huko kwenu kuna baridi," akasema mwishowe. "Huwa mnamfunika vizuri?"